Rejeta ya Oili na Saa Nane ya Jumapili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipokuwa sekondari, wenzangu wa bweni waliandika barua kwao kuomba hela. Mimi niliandika kuuliza kama kuku wangu wameshatotoa. Ndiyo maana Kilwa Masoko walicheka sana niliponunua gari la mashindano.

Lilikuwa la meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kulisafirisha kungemgharimu zaidi kuliko kuniuzia mimi kwa bei ya kutupa. Lilikuwa na kabureta mbili na mistari miwili myeupe juu ya boneti. Balozi wetu wa nyumba kumi alilizunguka, mikono nyuma.

“Karani, sisi tunajenga ujamaa. Wewe unajenga mbio?”

Sikuwa na haja ya mbio. Nilikuwa na mke mwalimu, Lindi mjini, nami kazi yangu ilikuwa Kilwa Masoko. Yeye hakutaka kuacha darasa lake. Mimi sikutaka kuacha nyumba niliyoachiwa na mama, yenye baraza inayopata upepo kuanzia alasiri. Basi Jumamosi baada ya kazi nilikuwa nakwenda Lindi, Jumapili narudi. Wiki inayofuata nabaki nyumbani, nikisema injini inapumzika.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Miaka ile, ili kuokoa mafuta, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea siku hiyo kuanzia saa nane mchana. Kila safari nilitoka Lindi asubuhi, nikalikimbiza kwenye mchanga kwa gia ya pili na ya tatu, na kabla ya Mbwemkuru mshale wa joto la oili ulikuwa umeshalala kwenye wekundu. Nikasimama ipoe. Saa nane ikanikuta porini, na Jumatatu nikaingia ofisini na vumbi la jana.

Mke wangu alinivumilia kiangazi kizima, kisha akaweka sharti.

“Nakupa mpaka masika. Gari likishindwa kufika kwa wakati, unaomba uhamisho wa kuja Lindi, na ile nyumba unapangisha.”

“Nani atakaa pale?”

“Yupo bwana mmoja wa ushirika ananiuliza kila siku. Ana mbuzi.”

Nikawaona mbuzi barazani.

Fundi wa Lindi alisema gari lahitaji rejeta ya oili, yaani rejeta ndogo ya pembeni ambamo oili inapita ikapoe kabla ya kurudi kwenye injini. Duka la vipuri la Dar es Salaam lilijibu kwamba kitu hicho huagizwa ng’ambo, kwa kibali cha fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa na kazi ya kununua dawa za hospitali. Sikuweza kushindana na dawa.

Wazo la kwanza lilikuwa langu. Gari lilikuja na kifaa cha kupasha joto ndani, nacho kina kirejeta chake. Lindi nani anataka kupashwa joto? Fundi akafurahi, maana kilikuwa cha bure. Tukakiunganisha, tukawasha injini palepale uani. Kile kilizoea maji. Presha ya oili ilikipasua, ikamlowesha fundi shati.

“Karani,” alisema akijifuta, “tutafute cha kununua.”

Kwenye vyuma vyake chakavu zilikuwapo rejeta za oili mbili. Kubwa ilitoka kwenye buldoza la mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea. Ndogo ilitoka kwenye jenereta ya kiwanda cha mkonge. Bei zilikaribiana, na kwa bei ileile nani anachukua ndogo? Fundi naye alipenda kubwa, ilikuwa imemjazia uwanja. Tukaifunga mbele, nyuma ya bampa.

Oili haikuchemka tena. Yalichemka maji, kwa sababu lile dude lilikuwa limeiziba rejeta ya maji, upepo haupiti. Saa nane ilinikuta Kiranjeranje. Akaja polisi na baiskeli.

“Saa yako inasemaje?”

“Mbovu, afande.”

“Yangu nzima. Zima gari, twende ule muhogo.”

Safari iliyofuata mke wangu aliuliza, “Oili ilichemka?”

“Hata kidogo.”

“Na maji?”

Nikatazama dari.

“Imebaki safari moja, bwana. Wingu unaliona.”

Tukachukua ndogo. Fundi aliichemsha na magadi, kisha tukaisukutua kwa mafuta ya taa mpaka yakatoka meupe, maana uchafu wa jenereta ungeingia kwenye injini yangu. Safari hii tuliifunga pembeni, chini, isiikingie rejeta ya maji upepo, mbele yake tukaweka wavu wa dirisha kuzuia mawe. Mipira tulinunua ile ya trekta inayostahimili presha, nayo ilikuwa ghali kuliko rejeta yenyewe. Hapo sikubana matumizi.

Jumapili hiyo mshale ulipanda hadi katikati ukatulia. Mbwemkuru nikapita, Kiranjeranje nikampungia afande, Nangurukuru nikakunja kuelekea Kilwa Masoko. Saa saba na nusu nilikuwa barazani kwangu, viatu nimevua. Wiki hiyohiyo mvua zikafunga barabara, nikakaa nyumbani kwa amani ambayo sijawahi kuipata tena.

Barabara ilipofunguka nikaenda Lindi kwa mikogo. Mke wangu akaniandalia chai.

“Hongera, nyumba yako imebaki. Ila ulikuwa ukija wiki moja, moja huji, kwa sababu ya injini. Sasa sababu ni nini?”

Nikaimaliza chai.

Tangu hapo nikawa nasafiri kila Jumamosi. Mbuzi hawakuja. Balozi alihamishia mikutano ya nyumba kumi kwenye baraza yangu, Jumamosi alasiri, wakati upepo unaanza na mwenyewe hayupo. Nikirudi Jumapili nilikuta vikombe vya kahawa vimepangwa kando ya ukuta, nikaviosha.