Bati la Buluu la Naviundu

Mvua ya kwanza ikigonga bati jipya, hutoka harufu ya chuma na vumbi, na mimi hurudi palepale: shule yetu ya Naviundu, hapa Lubumbashi, nikiwa darasa la nne. Msicheke, darasa letu lilikuwa na paa nusu.

Ilianza hivi. Wachina waliokuwa wakichimba shaba nje ya mji walituletea mabati ya buluu. Mafundi walipofika katikati, wakaja Wamarekani na gari jeupe, wakaahidi paa zima, zuri zaidi, ila yale ya Wachina yang'olewe kwanza. Wachina nao wakasema bati lao likiguswa, hawaleti tena hata msumari. Mwalimu mkuu, aliyeogopa kumuudhi tajiri yeyote, akasimamisha kazi. Mafundi wakateremka na ngazi zao.

Sikuelewa kitu. Mimi nilidhani paa ni paa.

Mama yake Odile, rafiki yangu wa dawati moja, aliwapikia Wachina, kwa hiyo Odile alikaa chini ya bati. Baba yangu alikuwa mlinzi wa lango kwa Wamarekani. Jioni moja, tukila bukari, ugali wetu wa huku, aliniambia bila kunitazama, "Mutoto yangu, usiikale chini ya ile bati. Patron akisikia, kazi inaisha."

Nikahamia upande wa mawingu. Odile alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, nami nilimkosa kana kwamba amehamia mbali kule Pweto.

Kisha wageni wa pande zote mbili wakaja asubuhi moja, bila kuambiana. Tulipangwa uwanjani mistari miwili, kila mstari na vibendera vyake vya karatasi. Wimbo wa shukrani ulikuwa mmoja, tulibadilisha jina la mfadhili tu, basi tukaimba majina yote mawili kwa pamoja, fujo tupu. Mvua ikamwagika. Wageni wote wakakimbilia chini ya bati la buluu, Wachina na Wamarekani, wakapeana mikono, wakawashiana sigara, wakicheka. Sisi tulibaki kwenye mistari, maana hakuna aliyetuambia tutoke.

Odile akaacha mstari wake, akanishika mkono. Rangi ya kibendera ilikuwa ikimchuruzika vidoleni.

"Kumbe banajuana!" akasema. "Na siye tuko mu mvula bule."

Baba alikuwa kando ya gari jeupe, ameshika mwavuli wa mkubwa wake. Alituona. Niliogopa sana.

Usiku huo hakunigombeza. Alisema tu, "Kesho ikala kwenye unapenda."

Nikakaa na Odile, chini ya bati, masika yote. Baada ya muda baba akaanza kushinda nyumbani, akawa ananisindikiza shuleni kila asubuhi, nami nilijivuna kwamba baba yangu ana nafasi kuliko baba wa wenzangu.

Leo redio inasema wakubwa wa dunia wanagombania kobalti yetu, na walau hilo naona nalielewa. La baba ndilo linalonichanganya. Je, alifukuzwa kwa ajili yangu, au Wamarekani walikuwa wanafunga tu ofisi yao na kwenda zao? Juzi nilimuuliza. Aliendelea kumenya karanga zake, kisha akacheka.

"Lakini mvula haikukupiga tena, si vile?"