Mke Mwenza wa Bibi

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuwa na mke mwenza, lakini kuna mwanamke kijijini kwao Mbozi aliyemwita hivyo tangu wote wawili wakiwa wapya kwenye ndoa zao. Kila mmoja alikuwa na mume wake na shamba lake. Ulikuwa utani tu. Msimu wa kahawa walisimama upande mmoja wa kichanja, ile meza ndefu ya wavu ambako kahawa huanikwa baada ya kuoshwa, wakichambua punje mbovu na kutukanana kuhusu nani kati yao anapendwa zaidi. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanagombana kweli. Nilikuwa nalia.

Babu alipofariki, mama alimhamishia bibi kwetu Tunduma. Alisema hawezi kupata usingizi akijua mama yake yuko peke yake. Hakuna aliyembishia, hata mimi. Nyumba yetu ina ukuta na geti la bati, na asubuhi wote tunatoka: mama dukani kwake anakouza vitenge karibu na mpaka, mimi kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu. Bibi alibaki na redio. Upande mmoja wa nyumba ni ghala, upande wa pili ni maegesho ya malori. Mwanzoni alisahau alikoweka chumvi. Baadaye alisahau kwamba babu amekufa, na kila tulipomwambia alilia upya, mpaka tukaacha kumwambia.

Mimi niliishia kidato cha nne. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe, na siku zote naishi na hofu kwamba kuna kitu cha msingi nilikiruka. Kwa hiyo nilisoma sana kuhusu usahaulifu wa uzeeni. Nikaona inasemwa kwamba akili ya mzee inahitaji kazi na inahitaji watu. Kazi niliiweza. Nilinunua debe la kahawa mjini Vwawa, nikamtengenezea bibi kichanja kidogo uani. Nilikipima na kukipima tena kabla ya kupigilia misumari, ili kimo chake kilingane na kile cha kijijini.

Alichambua vizuri. Vidole havikusahau chochote. Alimaliza kimya, akajifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani. Kesho yake nikazichanganya tena mbovu na nzuri, naye akachambua tena. Nilikuwa najisifu kwamba tiba inafanya kazi, mpaka mama, akiwa anapepeta mchele, akaniambia ninamtesa mama yake.

"Kule hakuwa anakwenda kuchambua," alisema. "Alikuwa anakwenda kuongea. Kahawa ilikuwa kisingizio."

Akampigia simu yule rafiki wa bibi kule Mbozi, aliyemwita mke mwenza. Rafiki huyo akajibu kwamba chumba kipo, tumlete. Bibi akitulia kwa watu wake, akae mpaka msimu uishe, na hata zaidi. Daktari niliyemuuliza alisema watu ni wazuri kwake, lakini nisitegemee kurudishiwa kilichokwisha kuondoka. Na wala nisiape kwamba upweke ndio uliomharibu, maana wengine husahau wakiwa wamezungukwa na wajukuu. Jibu hilo lilinikera. Nilitaka jibu moja lililonyooka. Hata sasa ninaandika na kufuta, nikitafuta namna ya kusema kwamba sisi ndio tuliomfanyia hivi, au kwamba hatukumfanyia. Zote mbili zinasomeka kama uongo.

Mimi na bibi tulifika Mbozi asubuhi yenye baridi. Wanawake walikuwa wameshazunguka kichanja, masweta juu ya vitenge. Niliuweka mfuko wa nguo za bibi barazani kwa rafiki yake. Rafiki huyo alipomwona bibi, aliacha kahawa, akaweka mikono kiunoni.

"Mke mwenzangu," alisema kwa Kinyiha, "mjini kumekushinda, umekuja kuninyang'anya mume? Alishakufa huyo. Umechelewa."

Wanawake wakacheka. Hapo ndipo bibi, miaka yote, alipokuwa akijibu kitu kibaya zaidi. Alimtazama. Akakunja magoti kidogo, kama mtoto aliyetumwa kwa mtu asiyemjua, na kusema kwa Kiswahili, lugha anayoitumia kwa wageni:

"Shikamoo."

Rafiki yake alicheka kwanza, akidhani ni utani mpya. Akangoja. Bibi naye alikuwa anangoja, macho chini, maana hajaitikiwa. Hawa walipata kipaimara siku moja.

"Marahaba," rafiki yake akasema.

Tulimsogeza bibi kichanjani, akachambua. Mazungumzo yakaendelea juu ya kichwa chake: msiba wa jirani, bei ya mbolea, binti wa mtu aliyevuka mpaka akaolewa Zambia. Alipoulizwa anaonaje, alijibu ndiyo, kwa adabu. Nilisimama pembeni nikiutazama uso wake kama ninavyotazama simu iliyotumbukia majini, nikisubiri taa iwake. Haikuwaka.

Mchana rafiki yake aliniita barazani. Nikaanza kumweleza ratiba niliyomwandalia bibi, chakula, dawa ya presha, saa za kupumzika. Alinikatiza.

"Mjukuu wangu, mrudishe."

Nikamwambia hii ni siku ya kwanza tu, apewe wiki moja, atazoea.

"Na mimi nipewe nini?" aliuliza. "Huwa namkumbuka nikipika, nacheka peke yangu jikoni. Ndicho nilichobaki nacho. Mkimlaza hapa akawa ananiamkia kila asubuhi, hicho nacho kitaisha. Mngemwacha, tungezeeka naye polepole, nisingeona. Sasa mmeniletea mgeni."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, ningepata la kujitetea.

Nilipomshika bibi mkono, aliiacha kahawa bila kubisha. Akawaaga wote kwa heshima, akianza na rafiki yake. Njia nzima hakuuliza tulikotoka wala tunakokwenda. Mama alituona tukiingia na mfuko. Aliupokea, akaanza kuzirudisha nguo kabatini, moja moja.