Nati iliyomzuia bibi arusi

Jirani yangu, mke wa dereva wa treni, ndiye aliyeniambia kwanza: gari lao, lililokuwa limpeleke bibi arusi kanisani, limepata pancha. Nati moja ya gurudumu, ya kuzuia wezi, hufunguka kwa ufunguo wake tu, na mumewe alikuwa amesafiri nao hadi Kabongo.

Nilikimbia kuona, mtoto mgongoni. Fundi waliyemwita alichukua soketi kuukuu, kikombe cha chuma cha kufungulia nati, ndogo kidogo kuliko nati yenyewe, akaigongelea juu yake kwa nyundo.

“Papa, unafungua ao unabomoa?” shangazi wa bibi arusi aliuliza.

“Mama, acha ikamate kwanza!”

Akavuta spana polepole. Nati ikalia, ikazunguka! Bibi arusi mwenyewe alipiga vigelegele.

Hakuna mwizi aliyewahi kutuchelewesha hivyo.

Kesho yake asubuhi nilimuuliza mume wangu ufunguo wa nati za gari letu uko wapi. Akaanza kuinua magodoro.