Kabati la Chuma na Mkeka wa Bibi

Wiki iliyopita nilikwenda Stanmore, pembeni mwa London, kuifungua nyumba ya wazazi wangu kwa mara ya mwisho, maana imeshauzwa. Vyumba vilikuwa vitupu, isipokuwa kabati moja jembamba la chuma, lililokazwa ukutani kwa skrubu nne, ambalo liliwashinda wachukuzi. Nilipolifungua, mwenzangu, harufu ya mafuta ya bunduki ikanipiga usoni, na papo hapo nikawa mtoto wa miaka tisa, niko Kilburn, mtaa wetu wa kwanza London.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili juu ya duka la viatu, baba, mama, bibi na mimi, binti yao wa pekee, miaka mitatu baada ya kutoka Tanga. Ngazi zilinuka makoti yaliyolowa na mafuta ya taa ya hita, lakini ukifika mlangoni kwetu ulipokewa na vitunguu vya bibi vinavyokaangwa na bizari. Kule Tanga baba alikuwa na duka, na Jumapili wenye mashamba walimwita awafukuzie nguruwe mwitu kwenye mahindi. London akawa karani wa ghala, akitumwa huku na kule. Raha yake iliyobaki ilikuwa klabu ya kulenga shabaha, kila Jumamosi, na bunduki moja aliyoinunua kwa leseni halali. Leseni ile aliiweka pamoja na pasipoti. Alisema ndiyo karatasi pekee katika nchi hii inayomtaja kuwa mtu wa kuaminika.

Mwaka ule zikavuma habari kwamba serikali inataka sheria mpya ya silaha. Baba alitusimulia jinsi chai ilivyopoa vikombeni klabuni kwa mabishano. Muuza nyama mmoja alisema wakianza na bunduki watamalizia na visu vyake. Mwalimu mstaafu akamjibu kwamba asiye na la kuficha aache aandikwe, na tangu hapo wakaacha kusalimiana. Kisha ikapitishwa karatasi ya kuipinga sheria, kila mtu atie jina, anwani na sahihi. Baba akakataa. Yaani apinge kuandikwa na serikali, halafu aipelekee jina lake kwa mkono wake mwenyewe? Wenzake wakamshuku kuwa ni mtu wa serikali, naye akawashuku wao, akawa anakunywa chai yake peke yake.

Lakini kwa kushuku, bibi hakuwa na mpinzani. Kule Tanga walikuja vijana wapole wa serikali wenye kalamu, wakahesabu vyumba vya nyumba yetu, na sharubati yake wakainywa. Miezi michache baadaye nyumba haikuwa yetu tena. "Wanahesabu kwanza," alikuwa akisema huku akichagua mchele, "kuchukua ni baadaye." Nami nilimwamini kabisa, hata msoma mita ya gesi nilimtazama kwa jicho la pembeni.

Basi ikaja barua. Leseni ya baba inataka kuhuishwa, na askari atakuja Alhamisi saa kumi jioni kuiona bunduki na kabati lake. Baba alifurahi, akalifuta kabati likang'aa. Alhamisi hiyo nilirudi kutoka shule nikamkuta bibi ameshautoa ufunguo wa kabati kwenye kopo la majani ya chai. Akanipa ncha ya mkeka wake nishike. Ulikuwa wa ukindu, mwekundu na kijani, jirani yetu wa Tanga alimsukia wa kuagana naye, na juu yake ndipo aliposwali. Tukaiviringisha bunduki ndani, tukausimamisha nyuma ya mlango. Kwangu ulikuwa mchezo tu.

Mama alikuwa kazini. Baba akaja na askari, mtu mpole, kofia kwapani. Baba akafungua kabati kwa kujiamini, na ndani hamna kitu. Sijawahi kumwona mtu akipauka vile.

"Mama, bunduki iko wapi?"

"Haipo," bibi akasema, akiendelea kukata kitunguu. "Mwambie imerudi Tanga."

"Mama, nakuomba. Nitafungwa mimi!"

Bibi akanitazama. Askari naye akachuchumaa, akaniuliza kama najua. Nilimwogopa bibi, lakini lile neno la kufungwa lilikuwa limeshaniingia. Nikasema, kwa Kiingereza, kwamba imo ndani ya mkeka.

"Ehe," bibi akasema taratibu. "Kumbe umeshajua Kiingereza."

Askari aliandika kwa muda mrefu. Baba hakufungwa, ila leseni haikuhuishwa na bunduki ikachukuliwa. Ili asiwatishe watu wa madukani, askari aliibeba vilevile ilivyo. Tukamwona kutoka dirishani akivuka barabara na mkeka begani, utadhani anakwenda msikitini. Baba akabaki na risiti: bunduki moja. Mkeka haukuandikwa.

Alitaka kwenda kituoni kuudai, bibi akamkataza. Kudai ni kujaza fomu, na fomu ni jina tena. Akawa anaswali juu ya taulo la kuogea, na siku alipofariki taulo lile lilikuwa bado limekunjwa kando ya kitanda chake.

Tulipohamia Stanmore baba alilibeba kabati, akalikaza ukutani, likakaa tupu maisha yake yote. Sasa bibi hayupo, baba hayupo, klabu imefungwa, na kwenye duka la viatu wanauza simu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Dalali alinipa orodha ya vitu vinavyobaki na nyumba, nitie sahihi: mapazia, jiko, kabati moja la chuma. Nikaisoma mara tatu. Akaniuliza kama kuna kilichosahaulika, nami kabla ya kumjibu nikachungulia nyuma ya mlango.