Kiti cha Mbele

Shemeji yangu alikuwa mtu wa mwisho mtaani kwetu aliyebaki na gari lake mwenyewe, na kila Jumamosi asubuhi alilipasha moto uani. Hakwenda nalo popote. Alikaa nyuma ya usukani akiisikiliza injini mpaka feni ianze kuzunguka, huku majirani wakifunga madirisha kwa ajili ya moshi. Watoto walimwita Mzee Pasha, jina likamganda.

Maisha yake yote aliendesha teksi. Mimi nilikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Enzi hizo dereva alimjua abiria wake, akamuuliza hali ya watoto, na kiti nilichokishona kilidumu kuliko gari lenyewe. Sasa mafuta yanagawiwa kidogo kidogo kama dawa ya kikohozi, magari yamekatwakatwa kuwa vyuma chakavu, na watu wanasombwa na mabasi ya umeme yasiyo na viti, ila mabenchi mawili ya bati ubavuni. Wanasimama humo wakitazamana visogo. Hayo ndiyo maendeleo tuliyoahidiwa.

Pasha aliyachukia mabasi hayo kwa moyo wote, na binti yake wa pekee ndiye aliyekwenda kuajiriwa kuyaendesha.

"Udereva umekushinda, umekuwa mchunga watu," alimwambia siku ya kwanza alipomwona na sare.

"Afadhali mimi nafika, baba. Wewe gari lako mwisho wa safari ni kamba ya kuanikia nguo."

Mama mtu, ambaye ni dada yangu mdogo, alicheka mpaka akakohoa. Kicheko kile sikukipenda. Alikuwa ameota uvimbe shingoni, nao ulikuwa umeanza kubana njia ya hewa. Alilala ameegemea mito, kichwa kimeinuliwa nyuma kidogo. Akikiinamisha, pumzi inakatika.

Hospitali ilimpa siku ya upasuaji baada ya kungoja kwa muda mrefu. Umeme wa uhakika ulikuwapo asubuhi tu, na aliyechelewa nafasi yake ilipewa mwingine, yeye akaanza foleni upya. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba shingo ile haiwezi kungoja foleni ya pili.

"Mke wangu hatakaa kwenye bati," Pasha alisema. "Atakwenda kwenye kiti cha mbele, nimekilaza, kichwa kimeshikwa vizuri. Tangi limejaa. Mgao wangu wote uko humo."

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo dereva wa zamani tu angelifanya. Mshale wa mafuta wa gari lile ulikuwa umekufa siku nyingi. Madereva wa teksi hawakuhangaika kuutengeneza, walipima kwa kilomita. Unajaza tangi, unaangalia namba kwenye dashibodi, unajua utaishia wapi. Gari la Pasha halikuwa limetembea tangu lijazwe, namba hazikuwa zimesogea hata moja, kwa hiyo kwa hesabu yake tangi lilikuwa vilevile. Jumamosi za kupasha moto hakuzitia hesabuni. Kichwani mwake, mafuta yaliliwa na barabara.

Siku ilipofika tuliondoka mapema. Dada alikuwa mbele, kiti kimelazwa, nami nyuma nimemshikia kichwa. Gari lilikwenda vizuri, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilimsikia Pasha akipiga mluzi. Tulipofika kwenye daraja jembamba, chini ya mlima wa hospitali, injini ikakohoa. Alikanyaga mafuta. Ikakohoa tena, ikazima.

Akapiga stata. Ilizunguka bila kushika.

"Itashika," alisema. "Hewa tu imeingia."

Nyuma yetu honi ililia. Lilikuwa basi, limejaa, na pale darajani hapakuwa na pa kupishia.

"Tajiri, tuondolee makumbusho yako njiani," mtu alipaza sauti dirishani.

"Mwacheni, anasubiri kufunguliwa mlango," akajibu mwingine, wakacheka.

Dereva wa basi akashuka. Alikuwa binti yetu. Alimtazama mama yake mara moja tu, kisha akafungua kifuniko cha tangi, akatega sikio.

"Mjomba, litikise gari."

Nilishuka nikalitikisa. Hapakuwa na kilichocheza ndani.

"Umeyapasha yote, baba," alisema polepole.

Pumzi ya dada ilikuwa imeanza kutoa mlio mwembamba, na midomo imepauka.

"Mama anapanda basi."

"Akae wapi? Kwenye bati?" Pasha alisema. "Akiinamisha shingo anakufa, unajua."

Binti alijua.

"Kiti kinatoka," nilisema. "Nilikifunga mwenyewe. Bolti nne."

Shemeji alinitazama kama niliyemwambia nitamkata mguu. Gari lililoachwa barabarani lilikuwa likivutwa siku hiyohiyo na kusagwa, na hakuna ambaye angemsikiliza akilidai gari lisilo hata na kiti. Akaenda kwenye buti, akarudi na spana.

Mama mmoja wa makamo alishuka basini, akamsimamisha dada na kumshika kwa nyuma, kichwa cha dada kikiegemea begani kwake. Bolti tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeliwa na kutu. Pasha alinipokonya spana, akajilaza sakafuni mwa gari, akavuta mpaka vidole vikachubuka na kutoka damu.

"Shemeji, acha nijaribu."

"Nyamaza."

Ikalia, ikaachia. Wale wale waliokuwa wakicheka ndio waliobeba kiti wakakiingiza basini, kisha wakalisukuma gari hadi ng'ambo ya daraja, wakaliacha pembeni. Pasha hakugeuka kulitazama.

"Mlima, jamani," binti aliita, na wenye miguu mizima wakashuka wenyewe, kama walivyozoea betri ikiwa imeshuka. Walitufuata kwa miguu. Kiti hakikuwa kimefungwa kwa chochote, kwa hiyo Pasha alisimama nyuma yake, mgongo kwenye mlingoti wa kushikia abiria, akikishikilia kwa mikono yote miwili. Basi lilipanda kwa kujivuta. Taa ya betri ikawa nyekundu.

"Inasemaje hiyo?" Pasha aliuliza.

"Usiangalie dashibodi, baba. Mshike mama."

Tulipofika, muuguzi alikuwa mlangoni, amefungua mdomo kuita jina la mwingine. Dada aliingizwa yeye.

Gari lilivutwa. Siku hizi pengine ni nguzo ya kituo fulani. Kiti kimebaki kwenye basi, nyuma ya dereva, kwa bolti zilezile, na wagonjwa ndio hukalishwa hapo. Vijana wameshakichana mara mbili, maana hawajui kitu kizuri kinavyokaliwa, nami huenda kituo kikuu na sindano yangu kukishona, nikiwasema.

Dada amepona, ila sauti imebaki ya kukwaruza. Jumamosi asubuhi hupanda basi la bintiye pamoja na mumewe. Kiti dada hakikalii hata kikiwa kitupu. Anasema yeye ni mzima, anakaa kwenye bati. Pasha husimama nyuma ya kiti, mgongo kwenye mlingoti, amekishikilia kwa mikono miwili. Nimemweleza kuwa bolti nimezikaza. Hasikii.