Macho Mazima

Gari langu la kwanza lilikuja na kamera ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Mjapani aliyelitumia kabla yangu aliisahau, au hakuihitaji tena. Kila nilipowasha gari ilitamka maneno mawili matatu ya Kijapani, kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu, nami nikaitikia, "Marahaba." Nilijua inapiga picha za barabara. Kwamba ina masikio pia, sikujua.

Nilikuwa na majivuno, niseme ukweli. Mama yangu mkubwa ndiye aliyenilea kijijini Ilongero baada ya mama kufariki, tena alinibeba mgongoni kwenye foleni za sukari za miaka ile. Soko huria lilipokuja na mitumba ya kila namna, mpaka ya magari, nikajiona nimefika nilipofika kwa miguu yangu mwenyewe. Viti vya gari vilikuwa vya kitambaa cheupe. Nilivilinda kuliko nilivyolinda jina langu.

Mke wangu alikuwa na siku tano tangu ajifungue. Mimi na mwenzangu wa kazini tulikuwa tunarudi mjini kutoka Ilongero, na mbele kidogo tu mwanamke akatupungia mkono. Kuku kwapani, kiroba cha unga wa uwele miguuni. Nikakanyaga breki.

"Yule si mama yako mkubwa?" mwenzangu akauliza.

"Ndiye. Kuku wake atanijazia kinyesi kwenye viti. Bodaboda zipo, atapanda." Nikakanyaga mafuta.

Alifika kwangu alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Kuku alikuwa wa supu ya mzazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona ulinipita, mwanangu?"

"Mimi? Wapi? Haki ya Mungu sikukuona."

Angenigombeza ningepona. Alinitazama machoni kwa huruma, jicho moja baada ya jingine, akasema, "Mchana kweupe hivi, usinione? Babu yako alianza hivyo hivyo."

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa macho. Alikaa kwetu kumhudumia mzazi, na kila alipoingia sebuleni alijitaja kwanza, "Ni mimi, mwanangu, mama yako." Maini ya yule kuku alimnyima mzazi akanipa mimi, kwa kuwa maini yanasaidia macho. Niliyala. Aliniandama niende hospitali nikapimwe, nami nikazua kila siku kisingizio kipya.

Njia ya mwongo ni fupi. Wiki ya tatu, bodaboda alinikwaruza mlango nikitoka kituo cha mafuta, akanitukana na kuondoka zake. Nilifika nyumbani nikifoka. Mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunga khanga vizuri. "Nipeleke kijiweni kwao nikamwombe radhi. Kosa si lake, mwanangu. Wewe huoni."

Hasira zikanipanda. Kutetewa kwa uongo wangu mwenyewe! Nikachomoa kadi ya kamera, nikaichomeka kwenye televisheni, nikawaambia yeye na mke wangu wakae watazame nani haoni.

Sasa, kamera zile hufuta picha za zamani ili zipate nafasi ya kurekodi mpya. Lakini gari likifunga breki ghafla, hudhani ni ajali, na picha hizo huziweka kando zisifutike. Mimi hayo niliyajua baadaye. Nilibonyeza ya kwanza niliyoiona.

Ikatokea barabara ya Ilongero.

"He! Yule ni mimi!" mama mkubwa akasema, akicheka kwa furaha. "Na kuku wangu yule!" Gari likayumba kwa breki. Kisha ikaja sauti ya mwenzangu, na baada yake yangu, kavu, kila neno likisikika. Kinyesi. Viti. Atapanda.

Mguu wangu ulikuwa na adabu kuliko mdomo wangu. Ulimwona mama ukasimama, na breki ile moja ya adabu ndiyo iliyotunza yote.

Mke wangu aliinuka akaenda kwa mtoto, ingawa hakuwa analia. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkubwa aliendelea kutazama televisheni mpaka picha ikaisha, akashusha pumzi.

"Kumbe macho ni mazima," akasema. "Namshukuru Mungu. Nilikuwa silali."

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Akasema ameshasamehe, tena naamini alisamehe kweli, kwa kuwa hakulitaja tena jambo lile wala kuwasimulia ndugu. Kamera niliing'oa siku ile ile.

Siku hizi mama mkubwa ni mzee, nami ndiye ninayempeleka kliniki. Gari lile nilishaliuza. Hili la sasa viti vyake ni vyeusi, vimechanika, vina madoa ya kila namna. Namfungulia mlango. Kabla hajakaa, anafungua khanga yake ya pili, anaitandika juu ya kiti, anazivuta pembe zake mpaka ikae sawa. Nimemsihi aache, mara nyingi.

"Nimeshazoea, mwanangu," ananiambia, na anakaa.