Neno Nililoliacha Kwenye Kompyuta ya Hospitali

Naandika haya nikiwa bado naona aibu kupita mbele ya hospitali moja hapa Uvira, ambako mimi ndiye fundi wa kompyuta.

Kila jina la majeruhi lilipoandikwa, programu ilipaswa kuliwekea yenyewe neno "Hai". Lakini umeme ukikatika, ilisahau, na Furaha, muuguzi wa mapokezi, alilazimika kuirekebisha tena. Nikajigamba kwamba hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu. Niliitengeneza, kisha ili niijaribu nikaweka "Amefariki" mahali pa "Hai", nikazima mashine na kuiwasha. Neno lilibaki palepale! Nikaenda mtaa wa Kimanga kunywa chai, kichwa juu, bila kurudisha "Hai".

Mchana mapigano ya bondeni yakatuletea majeruhi wengi. Furaha aliandika majina mbiombio, na jamaa walipouliza, aliwasomea kilichoonekana kwenye skrini.

Niliporudi, mama mmoja alikuwa anagaagaa sakafuni akimlilia mume wake. Ghafla sauti ikatoka chumba cha wagonjwa:

"Mama Neema, weye uko unalilia nani? Minye niko huku!"

Mama akainuka, akamkimbilia mumewe. Furaha akapitia majina ya mchana ule, yote yana "Amefariki", kisha akanigeukia.

"Fundi, uliweka nini humu?"

Nilitaka kusingizia umeme, lakini nikamwonyesha neno la jaribio nililolisahau.

"Kuna familia moja ya mtaa wa Songo nimeshaiambia," akasema polepole. "Wameenda kuchimba kaburi."